Kubahatisha x na y ni kazi ya kale sana

Wasee, kama uliwahi kuchekwa darasani kwa kubahatisha jibu la zile hesabu za x na y, leo nakuletea wakili. Ni kibao cha udongo.

Kiko kwenye makavazi kule Berlin, kinaitwa VAT 8389, na kiliandikwa enzi za Babeli, Iraki ya leo, karibu miaka 3,700 iliyopita. Swali lake, nikirahisisha vipimo kidogo: mashamba mawili, jumla ya eneo sar 1,800. La kwanza linatoa theluthi mbili ya sila ya nafaka kwa kila sar, la pili nusu sila. Nafaka ya la kwanza imezidi ya la pili kwa sila 500. Kila shamba ni sar ngapi? (Ni swali la shule tu. Nani anajua mavuno yamepishana kiasi gani na hajui shamba lake ni kubwa vipi?)

Sisi tungeandika x + y = 1,800 na 2x/3 − y/2 = 500, tuanze kufuta herufi moja. Karani hakuwa na herufi. Alikisia: tuseme yanalingana, 900 kwa 900. Nafaka ni 600 na 450, tofauti 150. Inatakiwa 500, kwa hivyo imepungua 350. Sasa utamu ndio huu: ukihamisha sar moja kutoka shamba la pili kwenda la kwanza, la kwanza linaongeza 2/3 na la pili linapoteza 1/2, kwa hivyo tofauti inapanda 7/6. Gawanya 350 kwa 7/6, unapata 300. Hamisha hizo 300: mashamba ni 1,200 na 600.

Na hakuishia hapo. Kibao kinarudisha majibu kwenye swali: 1,200 inatoa sila 800, 600 inatoa 300, tofauti ni 500 kamili.

Shuleni tunachukulia kuhakikisha jibu kama kazi ya mwenye muda wa kupoteza. Wengine wanajumlisha tu x na y, wakiona 1,800 wanafunga kitabu. Lakini hata 900 na 900 zinapita hapo bila shida! Mlinganyo wa pili ndio unaozikamata. Makarani hao walifunzwa ili wapime mashamba na nafaka za watu, na karani akikosea, mkulima ndiye analala njaa.

Kwa hivyo mwalimu, yule dogo akiandika 900 na 900, weka kalamu nyekundu chini kwanza. Muulize imebaki ngapi kufika 500.