Matembezi ya hisani Kampala: mchango wa wanafunzi na njia zake

Matembezi ya hisani ni mwendo wa miguu unaofanywa ili kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa, yatima au mradi wa jamii. Mjini Kampala wanafunzi hushiriki kwa wingi, ingawa majina yanayotangazwa zaidi huwa ya mabenki na makampuni yanayodhamini.

Njia za kuchangisha ni mbili. Katika ile ya zamani, mwanafunzi huzunguka na karatasi akiwaomba jamaa, walimu na majirani waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayotembea. Watu 10 wakiahidi shilingi 1,000 kila mmoja, kilomita 10 huleta shilingi 100,000, alimradi walioahidi walipe. Na kuzifuatilia ahadi huchosha kuliko kutembea. Njia ya pili, iliyoenea zaidi Kampala, ni kuuza fulana. Mnunuzi hulipa kabla ya kupiga hatua, hivyo fedha ni za uhakika. Hata hivyo, gharama ya fulana hukatwa humo humo, na mwanafunzi asiyeweza kuinunua hubaki pembeni, ilhali kwa karatasi angeweza kuleta mchango wa mtaa mzima.

Mfano mashuhuri ni Mbio za Saratani za Rotary, zilizoanza mwaka 2012. Huitwa mbio, lakini wengi hutembea tu. Wanafunzi huingia kupitia vilabu vya Rotaract vyuoni na Interact katika shule za sekondari. Fedha zilielekezwa kwanza kwenye wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, kisha kwenye ujenzi wa vyumba vya zege vya mashine za tiba ya mionzi.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2016, wakati mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago tangu 1995, ilipoharibika kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, lakini waliohitaji tiba walikuwa wengi kuliko hao. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Mashine ya namna hiyo haiwekwi popote, kwa kuwa mionzi hupenya kuta za kawaida. Chumba chenye kuta nene lazima kitangulie, na hicho ndicho kilichochangiwa kwa fulana.

Mbio za Kuzaliwa kwa Kabaka, zinazofanyika Aprili kutoka ikulu ya Mengo, nazo zimechangia vita dhidi ya fistula, selimundu na UKIMWI. Kuhusu selimundu, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watoto wapatao 13 katika kila 100 wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo. Vijana wanaoshiriki huhimizwa kupima damu kabla ya kuoana. Huduma hiyo haitegemei fulana.