Siku Sifuri ya Panya Mzazi

Asubuhi na mapema mtunza panya humshika jike, humchota ute kidogo ukeni na kuupaka kwenye kioo cha hadubini. Akiona mbegu za dume aliyelala naye usiku, siku hiyo huandikwa sifuri. Panya hubeba mimba siku 21 hadi 23. Ndani ya muda huo mfupi hutafutwa jibu ambalo kwa binadamu lingengojewa miezi tisa, tena kwa hatari ambayo hakuna mwenye huruma angeikubali: je, dawa anayomeza mama inamfikia mtoto aliye tumboni, na inamfanya nini?

Desturi hii ilijengwa kipande kwa kipande. Panya mweupe wa maabara alipata umaarufu katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia. Huko, kuanzia mwaka 1909, Helen Dean King alipandisha kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, hadi akapata panya wanaofanana sana kwa damu. Mwaka 1922 Joseph Long na Herbert Evans wa California walichapisha uchunguzi wao wa mzunguko wa uzazi wa panya jike, unaojirudia kila baada ya siku 4 au 5. Kazi hiyo ndiyo iliyowezesha kuisoma hali ya jike katika tone la ute.

Hata hivyo, madaktari wengi waliamini kwamba kasoro za kuzaliwa ni urithi tu, na kwamba tumbo la mama ni ngome. Ngome hiyo ilianza kubomoka mwaka 1933, Fred Hale wa Texas alipowanyima nguruwe wenye mimba vitamini A na wakazaa watoto wasio na macho. Mwaka 1940 Josef Warkany, daktari wa watoto aliyehamia Cincinnati kutoka Vienna, pamoja na mwenzake Rose Nelson, walieleza waliyoyaona kwa panya waliolishwa chakula pungufu. Mama walionekana wazima. Lakini karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na mifupa mifupi, vidole vilivyoshikana au kaakaa lililopasuka. Kilichokosekana, ilikuja kujulikana, ni riboflavini, vitamini moja tu.

Kilichojulikana kwa chakula hakikuhamishiwa upesi kwenye dawa. Oktoba 1957 kampuni ya Grünenthal ilianza kuuza thalidomaidi nchini Ujerumani Magharibi, dawa ya usingizi ambayo wajawazito waliimeza pia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961, baada ya onyo la Widukind Lenz wa Hamburg, zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na madhara yake, wengi wakiwa na mikono au miguu iliyodumaa. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa, alikataa kuidhinisha ombi lililomfikia mwaka 1960. Huyu alijua jambo: miaka ya 1940, alipokuwa akitafiti dawa za malaria, alishiriki kuonyesha kwamba kijusi cha sungura hakina uwezo wa mama yake wa kuivunjavunja kwinini.

Hapo panya alionekana na upungufu wake. Thalidomaidi haikumlemaza kama ilivyowalemaza watoto wa watu, ilhali sungura alionyesha viungo vilivyoharibika. Tangu hapo mnyama mmoja hakutosha. Panya akapewa mwenzake sungura. Mwaka 1966 mamlaka ya Marekani ilitoa mwongozo wenye sehemu tatu. Ya kwanza ilihusu uwezo wa kuzaa: dume alipewa dawa kwa siku 60 au zaidi kabla ya kupandisha, kwa kuwa mbegu huhitaji muda mrefu kukomaa, na jike siku 14. Ya pili ililenga siku za kuumbika viungo, ya 6 hadi ya 15. Ya tatu ilianzia mwisho wa mimba na kuendelea hadi kunyonyesha.

Katika sehemu ya pili mama hupasuliwa siku moja au mbili kabla ya kuzaa. Sababu yake inauma: akiachwa azae, huenda akawala watoto waliokufa au wenye kasoro, na ushahidi ukapotea. Vijusi hupimwa uzito. Baadhi hukatwa vipande vyembamba kwa wembe, vingine hulainishwa kwa dawa hadi nyama iwe kama kioo na mifupa ipakwe alizarini, ikawa myekundu.

Dawa za sonona ziliikuta desturi hii ikiwa bado changa. Mwaka 1957, uleule wa thalidomaidi, daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini huwainua wagonjwa wa sonona. Miaka 30 baadaye, Desemba 1987, Marekani iliidhinisha fluoksetini, iitwayo Prozac, na hapo thamani ya sehemu ile ya tatu ilionekana wazi.

Kwa panya wazima, dozi ya fluoksetini ya hadi miligramu 12.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku haikupunguza uwezo wa kuzaa. Viungo vya vijusi havikuharibika, si kwa panya wala kwa sungura. Mchunguzi aliyeishia kwenye mifupa myekundu angeandika kwamba hakuna tatizo. Lakini mama waliopewa miligramu 12 katika mimba, au 7.5 katika mimba na kunyonyesha, walizaa wafu wengi zaidi. Vitoto vilivyo hai vilikuwa vyepesi, na vingi zaidi vilikufa ndani ya siku 7 za kwanza. Kwa miligramu 5 vifo hivyo havikuongezeka.

Miligramu 12 kwa kilo inatisha kwa macho, lakini mwili mdogo huchoma dawa haraka. Ikilinganishwa kwa eneo la mwili, dozi hiyo ni takriban mara moja na nusu ya kiwango cha juu cha binadamu, miligramu 80 kwa siku. Matokeo haya hayamwambii mama mjamzito aitupe dawa yake. Sonona isiyotibiwa humdhuru yeye na mtoto, na uamuzi ni wa kufanywa pamoja na daktari.

Kwa miaka mingi Marekani ilifupisha haya yote kwa herufi moja, kuanzia A hadi X, mpango ulioanza mwaka 1979. Mwaka 2015 herufi zilianza kuondolewa na maelezo marefu yakachukua nafasi yake. Ndiyo maana katika maelezo rasmi ya fluoksetini, chini ya habari za wanawake, bado vimo vitoto vya panya vilivyokufa wiki ya kwanza, pamoja na dozi ya mama zao.