Usukani wa kujiendesha: upi ufungwe kabla ya kuvuka bahari kuu?

Mpwa wangu amealikwa kusaidia kupeleka yoti kutoka Kilifi hadi Shelisheli, zaidi ya maili 900 za baharini. Mabaharia ni wawili tu. Akaniuliza: "Mjomba, nani atashika kana usiku na mchana?"

Swali la maana. Majahazini watu walikuwa wengi, wakipokezana. Wawili watachoka, na uchovu huzamisha chombo. Dawa ni usukani wa kujiendesha, nao ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni wa upepo na kasia. Ubao mwembamba husimamishwa tezi na kuelekezwa upepo unakotoka. Chombo kikipotoka, upepo huuinamisha ubao, nao hulizungusha kasia lililo majini. Maji yanayopita hulisukuma kasia kando, na kamba zake huvuta kana. Mwendo ukizidi, nguvu huzidi. Hauhitaji umeme. Ila hufuata upepo, si dira: upepo ukigeuka, nawe wageuka.

Wa pili pia ni wa upepo, lakini una usukani wake mdogo. Ule mkubwa hufungwa, na ukivunjika unao wa akiba. Nguvu zake si nyingi, kwa hivyo matanga yapangwe vyema.

Wa tatu ni wa umeme. Hufuata dira, hata wakati wa shwari mkienda kwa injini. Lakini hula betri, na maji ya chumvi ni adui yake.

Ushauri wangu: yoti ikiwa ya kana, fungeni wa kasia, na mdogo wa umeme kwa shwari. Ikiwa ya gurudumu, kamba hupoteza nguvu njiani. Hapo utazameni ule wa pili.

Tena jifunzeni kupanga matanga. Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake bila kutua, 1968 hadi 1969, alisafiri na Suhaili, chombo kilichoundwa India. Kifaa chake kilivunjika njiani. Alifika kwa kusawazisha matanga hadi chombo kikashika njia chenyewe.

La mwisho, mjomba: kifaa hakina macho. Hakioni meli wala nyavu. Nawe ukianguka majini, hakitakusubiri. Kitaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Lindeni zamu, na ukitoka nje usiku, jifunge kamba, hata bahari ikiwa shwari.