Waliojifunza Kuandika kwa Kusikiliza

Wamisionari Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na miaka minne baadaye wakafungua kituo Utengule, Usafwa, si mbali na ulipo mji wa Mbeya leo. Enzi za kuteka na kuuza watu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, zilikuwa hazijasahaulika. Miongoni mwa waliopata hifadhi misheni walikuwamo wanawake waliowahi kutekwa. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer alijifunza Kisafwa, akawasikiliza, akayaandika maisha yao.

Bibi Narwimba ni mmoja wao. Alipofiwa na mumewe, yeye mwenyewe alimwomba jamaa wa marehemu amwoe, ili apate mtu wa kumkinga yeye na wanawe. Anayesoma habari hiyo anaelewa papo hapo mjane asiye na mlinzi alikuwa hatarini kiasi gani. Mwandishi hahitaji kuongeza neno "huzuni" wala "mateso". Chisi naye alitekwa akiwa mtoto, akapita mikono mingi, na simulizi lake linamfuata hatua kwa hatua, kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine. Kwangu mimi, hapo ndipo penye somo kubwa la uandishi katika Nyanda za Juu Kusini: jambo linatajwa lilivyotendeka, na mpangilio wa msimulizi unaheshimiwa.

Lakini haki yao kama wasimulizi haikutimia. Simulizi hizo zilipita mikononi mwa misheni, zikachapishwa kwa Kijerumani. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizitoa kwa Kiingereza katika kitabu kuhusu watumwa na wanawake. Wenye maisha yao walizungumza. Kalamu ilishikwa na wengine.

Upande wa Iringa nako wasimulizi walitafutwa: mwaka 1928 ofisa wa elimu W. Bryant Mumford alianzisha shule ya Malangali, akawaita wazee waje kuwafundisha wavulana mila zao. Ilikuwa shule ya serikali ya kikoloni, yenye malengo yake, ila wazo la kumweka mzee mbele ya darasa lilikuwa jema.

Kalamu ilikuja kushikwa na Watanzania wenyewe. Mwaka 1977 Claude Mung'ong'o alitoa riwaya ya *Mirathi ya Hatari*, habari ya kijana anayerithishwa uchawi. Mambo ambayo wageni waliyaandika kama mila za kabila, humo yanamkaba kijana mmoja mwenye jina na wazazi. Ikachapishwa pia tamthilia ya M. M. Mulokozi, *Mukwava wa Uhehe*, ikimpandisha jukwaani Mkwawa, mtawala wa Wahehe ambaye jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891.

Leo chuo chenye jina la mtawala huyo, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa, kinaandaa walimu wa sekondari. Ningependa kila anayekwenda kufundisha insha aanze na Narwimba, kwa Kiswahili, kabla hajamfundisha mwanafunzi methali ya kufungulia aya.