Tochi ya nini inataka kukaa juu ya benki yangu?

Jumamosi nilikuwa Tengeru, siku ya soko. Mama mmoja muuza ndizi alitaka kutuma hela. Alipofika kwenye namba ya siri akaifunika simu kwa khanga, sisi tuliosimama karibu tusione. Nikajiuliza: sawa, sisi katuziba. Na programu nyingine zilizomo humohumo kwenye simu, je?

Swali hili lina historia. Kioo kinachohisi kidole kilielezwa na E. A. Johnson huko Malvern, Uingereza, mwaka 1965, kwa ajili ya waongoza ndege. Mwaka 2007 ikatoka iPhone, na mwaka huohuo Kenya wakaanza M-Pesa. Kwetu ikaingia 2008. Simu ya kwanza ya Android nayo ni ya 2008. Wakati ule wengi wetu tulikuwa bado na simu za vitufe, kwa hiyo kioo na hela havikuwa vimekutana.

Waliotengeneza Android waliipa kila programu chumba chake. Ukigusa, mguso unakwenda kwa programu uliyoigusa tu. Ila waliacha upenyo: programu inaweza kuchora kidirisha juu ya nyingine, na kuomba ijulishwe kila kidole kinapogusa nje ya kidirisha hicho. Si kwa ubaya. Ndivyo vile vibonge vya kuchati vya Facebook vya mwaka 2013 vilivyoelea juu ya kila kitu. Taarifa yenyewe ilipunguzwa: utaambiwa kuna mguso, hutaambiwa wapi.

Unadhani iliishia hapo? Mwaka 2011 watafiti wa UC Davis, Marekani, walionyesha kwamba simu inavyotikisika kidogo unapobonyeza inatosha kukisia zaidi ya asilimia 70 ya vitufe. Mwaka 2015, Android 6 ikataka mwenye simu aridhie mwenyewe programu kukaa juu ya nyingine. Kumbe programu iliyotoka duka la Google ilikuwa inapewa ruhusa hiyo kimyakimya! Waliofichua ni watafiti wa Santa Barbara na Georgia Tech, 2017. Walitandaza vidirisha visivyoonekana juu ya kibodi, na kwa kuangalia vipi vimehisi kufunikwa na vipi havikuhisi, wakajua herufi iliyobonyezwa. Android 12 ya mwaka 2021 ndiyo iliyoanza kukataa baadhi ya miguso inayopita kwenye kidirisha cha programu nyingine.

Upo mlango mwingine, huduma za kuwasaidia wasioona, zinazosoma kilichoko kwenye kioo. Mimi siwezi kusema ufungwe. Asiyeona naye anatuma hela. Lakini matapeli wanaupenda mno. Na simu ya zamani isiyopokea mfumo mpya haikupata ulinzi wa 2021, khanga au bila khanga.

Kwenye daladala ya kurudi mjini nikafungua mipangilio ya simu yangu, sehemu ya ruhusa za kuonekana juu ya programu nyingine. Nikakuta tochi. Tochi, jamani! Nimeifuta kabla hatujafika Ngulelo.