Wino wa mzingefuri: ushuhuda wa soko la Nyangwe na taa zilizousoma upya

Leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka 150, kwenye soko moja la kando ya mto wetu Lualaba.

Watu wa sayansi wanasoma mambo ya kale kwa njia nyingi. Wengine wanasoma jeni zilizomo mwilini ili wajue mababu walitoka wapi. Wengine wanachimba tope la chini ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu tope hilo limetunza habari za mvua na joto la maelfu ya miaka. Wengine tena wanachunguza vitu vyenyewe: chuma, chungu, karatasi, wino. Habari ya leo ni ya hao wa mwisho. Inahusu karatasi chache zilizoandikwa hapa kwetu Maniema, kwa wino uliotengenezwa hapa hapa, na jambo baya sana lililoandikwa juu yake.

Soko la akina mama

Ukipanda mto kutoka Kindu kuelekea kusini, ukaingia wilaya ya Kasongo, utafika Nyangwe. Leo ni kijiji. Mwaka 1871 palikuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwisho wa mwezi wa Machi mwaka ule alifika mgeni mmoja mgonjwa na mchovu, David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile, na alifikiri kwamba huenda Lualaba ndiyo Nile yenyewe. Alitaka mitumbwi ya kushuka mto. Wenye mitumbwi hawakumpa. Walikuwa wamekwisha kuona watu wenye bunduki wanafanya nini, na hawakuwa na sababu ya kumwamini huyu aliyefika kwa njia ile ile.

Basi alikaa Nyangwe karibu miezi minne. Siku za soko alipenda kwenda kutazama. Aliona akina mama wakivuka mto kutoka ng'ambo na kufika kutoka vijiji vya mbali, na samaki, mihogo, chumvi, kuku, mafuta ya mawese na vyungu. Aliandika jambo ambalo wazee wetu wanalijua vizuri: hata wanaume wa vijiji walipokuwa wakipigana, mara nyingi mwanamke aendaye sokoni hakuguswa. Soko lilikuwa na amani yake.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu wa msafara wa wafanyabiashara waliingia na bunduki, jambo ambalo halikuwa kawaida. Palitokea ugomvi wa bei ya kuku, na mara bunduki zikalia katikati ya soko. Akina mama wakatupa mizigo yao na kukimbilia mitumbwi. Kwenye kijito kulikuwa na kundi lingine la wenye bunduki, nalo likawapiga. Mitumbwi ilibanana, wengi wakajitupa mtoni. Livingstone aliona vichwa vya watu vikielea kwa mstari, wakijaribu kuogelea hadi kisiwa cha mbali, na kimoja baada ya kingine vikazama. Siku ile ile vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiungua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Siku chache baadaye Livingstone aliondoka Nyangwe na kurudi Ujiji, na huko ndiko Stanley alikomkuta. Barua zake juu ya siku ile zilifika Uingereza na kusomwa na watu wengi. Zilisaidia kuongeza shinikizo juu ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Huku kwetu ndani, mateso hayakuisha siku hiyo.

Gazeti kuukuu na mbegu nyekundu

Tunajua habari ile kwa sababu mtu aliiandika. Lakini aliandika juu ya nini?

Livingstone alikuwa ameishiwa. Daftari zake, zile tunazoita kaye, zilikuwa zimejaa. Wino wa kwao ulikuwa umekwisha. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, The Standard la mwaka 1869, akaligeuza upande, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha kuchapwa. Kwa wino alitumia mbegu za mti ambao aliusikia ukiitwa zingifure. Kwa Kiswahili tunasema mzingefuri. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watu wa Maniema walitumia mbegu hizo kutia rangi nguo zao na kupamba nyuso na vichwa. Kwa hiyo wino ulioandika mauaji ya Nyangwe ulikuwa ni rangi ya wenyeji, ile ya sikukuu na ya urembo.

Rangi ya mbegu ni nzuri, lakini haidumu kama wino wa kiwanda. Mwanga na hewa huvunja chembe zake kidogo kidogo. Livingstone alikufa Mei 1873. Mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller alitoa kitabu cha safari zake za mwisho, na dunia ikaisoma habari ya Nyangwe humo. Kurasa zenyewe za gazeti zilitunzwa Uskoti, na mwaka baada ya mwaka maandishi yakafifia. Mwishowe jicho liliona gazeti tu, na juu yake madoa hafifu.

Jinsi taa zilivyosoma

Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu, kikiongozwa na mwalimu wa fasihi Adrian Wisnicki, kilianza kuzipiga picha kurasa hizo kwa njia ya pekee. Baadhi yao walikuwa wataalamu wa fizikia ya mwanga, ambao kabla ya hapo walisaidia kusoma maandishi ya kale ya Archimedes yaliyofutwa na watu ili ngozi itumike tena.

Njia yao si uchawi. Kila kitu hupokea mwanga kwa namna yake. Wabadilishaji fedha wa mjini wanajua: dola ikiwekwa chini ya taa yao ya urujuanimno, inaonyesha mstari ambao juani hauonekani. Upande mwingine kuna mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni kabisa. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza: katika simu nyingi utaona nukta inang'aa kwenye kioo, lakini kwa macho hakuna kitu.

Sasa turudi kwenye karatasi. Wino wa gazeti ulitengenezwa kwa masizi, yaani kaboni. Masizi humeza mwanga wa kila namna, hata infraredi, kwa hiyo katika picha ya infraredi maneno ya gazeti yanabaki meusi. Wino wa mbegu haumezi infraredi. Katika picha hiyo unapotea kama vile haukuwahi kuwepo. Lakini chini ya mwanga wa buluu na urujuanimno wino huo unajitokeza. Wataalamu walipiga picha ya kila ukurasa mara nyingi, kila mara kwa taa ya rangi nyingine. Halafu kompyuta ikalinganisha picha: lile linaloonekana katika zote ni gazeti, likapunguzwa, lile linaloonekana katika baadhi tu ni mkono wa Livingstone, likakolezwa. Tarehe 1 Novemba 2011 kurasa hizo zilitolewa kwenye intaneti, bure, kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Kitabu na karatasi havikulingana

Hapo ndipo jambo zito lilipoonekana. Kitabu cha 1874 hakikutoka moja kwa moja kwenye kurasa za gazeti. Kilitoka kwenye daftari lingine ambalo Livingstone alilinakili baadaye, alipokuwa mbali na Nyangwe, akiwa ametulia. Na katika kunakili, alibadilisha.

Kwenye kurasa za siku zile zile, watu wa msafara wake mwenyewe wanaonekana wakorofi zaidi. Walikuwa watumwa waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba ni wakali na hawatii. Katika nakala ya baadaye mambo haya yamelainishwa. Wisnicki aliuliza waziwazi kama baadhi ya watu hao walikuwa na mkono katika fujo za Nyangwe, na kama Livingstone alipunguza maneno kwa aibu au kwa hofu. Ni swali, si hukumu. Lakini kwa miaka 140 hakuna aliyeweza hata kuliuliza, kwa sababu karatasi ilikuwa imenyamaza.

Tusilitumie jambo hili kurushiana mawe. Jamaa wa wavuvi wa Lualaba, jamaa wa vijiji vilivyoungua na jamaa wa Wangwana waliokuja na misafara wameoana, wamezaa, na leo wanauza pamoja sokoni. Lugha tunayosema sasa hivi ilifika huku kwa njia ya misafara hiyo. Historia ya Maniema ni ya wote hao.

Kile ambacho taa haiwezi

Kuna jambo moja ambalo taa zote za Uskoti hazikuliona: majina. Katika kurasa zile kuna majina ya wakubwa wa misafara. Kuna bei ya kuku. Kuna hesabu ya waliokufa, na hiyo nayo ni ya wauaji wenyewe. Lakini mama aliyeacha kikapu chake cha samaki na kuzama mtoni hana jina. Halikufifia, halikuandikwa. Sayansi inarudisha kilichoandikwa, hata kwa mbegu juu ya gazeti kuukuu. Kisichoandikwa haina pa kukishika.

Ndiyo maana tumeileta habari hii kwenu, hasa ninyi mliokimbia vita na kuacha nyumba na mashamba. Wengi wenu mlitoka bila karatasi yoyote. Siku moja mtaulizwa: shamba lako lilikuwa wapi, mpaka wake ulikuwa nini, nani alikuwa jirani, nani alikufa na lini. Yaandikeni sasa, kabla kumbukumbu haijanakiliwa upya kichwani na kulainika, kama ilivyomtokea hata msomi yule.

Andikeni kwa penseli. Risasi ya penseli ni kaboni, ndugu ya masizi ya lile gazeti: jua haliifuti, maji hayaiyeyushi. Kalamu nyingi za kawaida hufifia zikikaa juani, na nyingine husambaa zikilowa. Wekeni jina la kijiji, mti au kijito kinachogawa shamba, majina ya majirani, tarehe. Andikeni mbalimbali yale mliyoyaona kwa macho na yale mliyoyasikia. Mkikosea, pigeni mstari juu ya neno, msifute, ili msomaji aone lililotangulia. Karatasi ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mtoto mwenye simu aipige picha na kumtumia ndugu wa mji mwingine. Kama kuna majina ya watu waliotenda mabaya, yatunzeni kwa siri; si mambo ya kutangaza kwenye simu za watu wote.

Kwa walimu wa Kasongo, Kibombo na Kindu: picha za kurasa za Nyangwe bado ziko wazi kwenye intaneti, na wanafunzi wanaweza kuona wenyewe wino ule ulivyofifia na ulivyorudi. Na kwa wazee wetu wa Nyangwe na wa ng'ambo ya mto: kama katika ukoo wenu kuna jina la bibi aliyekwenda sokoni siku ile na hakurudi, mleteni habari. Penseli iko tayari.