Kitanzi Kilichomchezesha Samaki wa Mti

Historia ya chambo bandia husimuliwa zaidi kwa upande wa mchongaji. Twaambiwa jinsi Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyeishi kwa kutega ndoana ziwani, alivyotengeneza samaki wake wa kwanza mwaka 1936 kwa kisu cha fundi viatu: mwili wa gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ngozi ya karatasi ya kung'aa iliyofunga chokoleti, na juu yake negativu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Kisa kitamu, tena cha kweli, ila kinaishia puani pa chambo, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Rapala alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa huliacha kundi zima akamrukia yule mmoja anayeyumba. Basi alichokiuza ni ule myumbo, na myumbo hutegemea uzi umefungwaje.

Tazama kinachotokea majini. Kidomo cha chambo husukumwa na maji, pua ikaenda kushoto, ikarudi kulia. Fundo lililokazwa kwenye tundu la puani huibana pua hiyo. Likiteleza upande mmoja, chambo huogelea kombo. Nailoni, iliyotangazwa na DuPont mwaka 1938, ilileta nyuzi imara, lakini ule mnene ni mgumu, haukunjiki upesi kufuata mchezo wa chambo. Dawa yake ni kitanzi kilicho wazi, kwa fundo ambalo hadi leo linaitwa la Rapala. Uzi hupigwa fundo legevu kama sentimita 15 kutoka mwisho. Ncha hupita tunduni, hurudi katika fundo lile, huuzunguka uzi mkuu mara 3, hupita tena kwenye fundo, kisha kwenye kitanzi kipya kilichojitokeza. Loanisha kwa mate, vuta.

Wapo watakaosema hayo ni mapambo, klipu ya waya inatosha: unafungua, unabadilisha chambo, unaendelea, wala uzi haufupiki kwa kukatwa kila mara. Hoja ina uzito, na kwa vyambo vikubwa vinavyovutwa nyuma ya boti kumtafuta sangara Ziwa Victoria, sina ubishi nayo. Lakini chambo cha Rapala cha sentimita 9 kina uzito wa gramu 5 hivi, na klipu nene huiinamisha pua, myumbo ukafa. Wengine watasema vyambo vingi huja na pete ya chuma puani, kwa hiyo kitanzi hakihitajiki. Ni kweli, ila pete hiyo yafanya kazi ileile ya kitanzi, kuiachia pua icheze. Kwa hiyo chambo chepesi kisicho na pete kifunge kwa kitanzi. Cha pete, fundo la kawaida juu ya pete latosha. Klipu, ukilazimika, iwe ndogo kabisa inayoweza kumhimili samaki unayemtarajia.